Barua kwa Shangazi: Kimya cha waajiri na kelele za mabosi

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa aina mbili, anayetafuta kazi na anayetafuta namna ya kuivumilia aliyo nayo. Kwa wanaofungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: nimefanya kazi ya utumishi tangu ujana wangu, upande ule wa meza ambako mafaili ya waombaji hufunguliwa na barua za onyo huandikwa. Sasa nimestaafu, sina wa kumwogopa, nasema ninavyoona. Majina nimeyaondoa, na barua ndefu nimezifupisha.

Natuma maombi, sijibiwi

*Shikamoo Shangazi. Nimemaliza chuo muda mrefu sasa. Kila asubuhi natuma maombi ya kazi, kila jioni nafungua barua pepe. Hakuna jibu, si ndiyo wala hapana. Mwanzoni nilikuwa nahesabu maombi niliyotuma, siku hizi nimeacha. Niliosoma nao wamepata kazi, hata wale niliokuwa nawasaidia kufanya mazoezi ya darasani. Nyumbani wameanza kunionea huruma, na huruma yao inaniuma kuliko lawama. Usiku sipati usingizi, naamka saa nne asubuhi. Nina kasoro gani? — Niliyechoka kusubiri*

Marahaba mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho: kimya hicho hakisemi lolote juu yako. Nimekaa kwenye vyumba ambako hutengenezwa, acha nikusimulie.

Nafasi inatangazwa, maombi yanamiminika. Mtu mmoja, mara nyingi kijana wa ofisini ambaye tayari ana kazi nyingine zimemwelemea, anakabidhiwa rundo zima alichuje. Hasomi, anatafuta. Tangazo lilitaja shahada fulani, leseni fulani, uzoefu wa mfumo fulani wa hesabu. Anaangalia kama vipo kwenye ukurasa wa kwanza, na asipoviona anakwenda kwa mwingine. Kwenye kampuni kubwa uchujaji wa kwanza hufanywa na programu ya kompyuta, nayo haina hata huruma ya kugeuza ukurasa wa pili kwa udadisi. Kuna nyakati fedha za nafasi hiyo hufutwa katikati ya mchakato, na hakuna anayekumbuka kuwaandikia waombaji. Kuna nyakati mtu wa ndani alishakusudiwa na tangazo lilitolewa ili utaratibu utimie. Mambo haya yote hayafanani hata kidogo, lakini yakikufikia wewe yana sura moja tu. Utajuaje lipi ni lipi? Huwezi. Basi usikigeuze kimya kuwa hukumu.

Hata hivyo kuna maneno yako yamenitia shaka. "Kila asubuhi natuma maombi." Anayeweza kutuma kila asubuhi, nahofia, anatuma wasifu uleule kwa kila mtu. Chukua tangazo moja unaloliweza kweli, lichapishe kama una namna, upigie mstari kila sharti. Kisha hakikisha kila sharti unalolitimiza linaonekana kwenye nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwa maneno yaleyale ya tangazo. Wao wakiandika "usimamizi wa ghala", wewe usiandike "kushughulika na stoo". Ondoa majedwali na mapambo, maana programu za kuchuja mara nyingine hushindwa kuyasoma. Ondoa pia ile sentensi ya "mchapakazi, mwaminifu, anayejituma". Miaka yote ile sikuwahi kukutana na mwombaji aliyejiandika mvivu. Mahali pake weka ulichokifanya: kwenye mafunzo kwa vitendo ulikabidhiwa nini, ulikimaliza vipi, nini kilibadilika baada ya wewe kukigusa. Aliyetoka chuoni hana kazi nyingi za kuorodhesha, nasi tunalijua hilo. Mradi wa mwisho wa masomo na kazi ya kujitolea vinahesabika, mradi viandikwe kwa undani.

Maombi machache ya namna hiyo kwa wiki yanatosha. Tarehe ya mwisho ikipita na wiki mbili zikapita, tuma ujumbe mmoja mfupi kuuliza mchakato umefikia wapi. Mmoja. Ukitumwa wa pili unaanza kusomwa kwa sauti ofisini, na si kwa nia njema.

Jambo la pili ni watu, na hapa najua nagusa panapouma. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliobadili kazi. Aliwauliza waliopata kazi kupitia mtu: yule aliyekupa habari, mlikuwa mnaonana mara ngapi? Chini ya asilimia 17 walisema mara kwa mara. Zaidi ya asilimia 55 walisema mara mojamoja, na karibu asilimia 28 walisema ni nadra. Ukikaa ukafikiri inaeleweka. Rafiki yako wa chanda na pete anasikia yaleyale unayoyasikia wewe, kwa sababu mnakaa pamoja. Yule mliyefahamiana kidogo anakaa na watu usiowajua, na habari zake hazijakufikia.

Kwa hiyo mwandikie aliyekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwandikie aliyekutangulia chuoni mwaka mmoja. Waandikie na hao wenzako uliokuwa ukiwasaidia mazoezi. Unawaonea wivu, ni haki yako, lakini wao sasa wako ndani ya ofisi na wanasikia nani anaacha kazi kabla tangazo halijatoka. Usiwaombe kazi, kwa sababu hawana ya kukupa na wataanza kukukwepa. Waombe habari: "Habari za siku nyingi. Natafuta nafasi ya uhasibu. Hapo kwenu wanapoajiri huangalia nini zaidi? Nikupigie dakika kumi siku utakayopata nafasi?" Weka fani yako badala ya uhasibu. Swali dogo kama hilo mtu hujibu, na akishajibu anakukumbuka.

Sasa kuamka saa nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti, Marie Jahoda akiwa mmoja wao, walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambako kiwanda kilikuwa kimefungwa na nyumba nyingi hazina mwenye kazi. Mtu angedhani watu wenye muda wote ule wangesoma zaidi. Ikawa kinyume: vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua sana, ingawa kuazima kulikuwa bure. Wanaume walitembea polepole, wakisimama njiani bila sababu. Kazi humpa mtu mshahara, lakini pia humgawia siku yake vipande vipande, na ikiondoka siku nzima inakuwa tope.

Jigawie mwenyewe. Panga saa ya kuanza kutafuta kazi na, hili ndilo watu husahau, saa ya kuacha. Barua pepe ifungue mara mbili kwa siku. Baada ya saa ya kuacha fanya jambo lingine la mikono au la miguu, bila kujiona mwizi. Nyumbani waambie wazi: "Nikipata habari nitawaambia mimi, msiniulize." Huruma ikikosa pa kuulizia hupungua. Na kama usingizi utaendelea kukukimbia, au ukaanza kuona hakuna maana ya chochote, mwone mhudumu wa afya. Usiseme "nitakwenda nikipata kazi".

Wakala anataka ada na pasipoti

*Shangazi, kuna wakala kaniambia amenipatia kazi nchi ya nje. Anataka ada ya usajili, ada ya kunishikia nafasi, na pasipoti yangu abaki nayo mpaka siku ya safari. Anasema nisipolipa kufikia Ijumaa nafasi inakwenda kwa mwingine. Nusu ya hela nimeshaazima. — Mwenye haraka*

Irudishe hela uliyoazima. Leo.

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, yote au sehemu yake. Si kila nchi imeuridhia, na iliyouridhia inaweza kuruhusu mambo machache nje ya kanuni hiyo, kwa hiyo nenda ofisi ya serikali inayohusika na kazi ukaulize sheria yenu inasemaje na kama wakala huyo ana leseni. Akikwambia usiende huko kwa sababu "watakuchelewesha", umeshapata jibu lako.

Pasipoti usimwachie. Shirika hilohilo limeorodhesha viashiria 11 vya kazi ya shuruti, na kushikiliwa hati za utambulisho ni kimojawapo. Akihitaji kuiona, aione ukiwepo. Akihitaji nakala, mpe nakala. Nawe mdai jina kamili la mwajiri, anwani yake, na mkataba wenye mshahara, saa za kazi na aina ya kazi, katika lugha unayoisoma. Kisha mtafute mwajiri huyo kwa namba uliyoipata mwenyewe, usitumie aliyokupa wakala.

Na hiyo Ijumaa: mwajiri wa kweli ana tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Tarehe ya mwisho ya kupokea hela ya mwombaji anayo tapeli.

Meneja ananidhalilisha mbele ya watu

*Shangazi, meneja wangu anapiga kelele. Si kwangu peke yangu, lakini mimi ndiye anayenitusi mbele ya wateja. Juzi alisema mbele ya idara nzima kwamba "hata mtoto wa darasa la kwanza angeandika ripoti nzuri kuliko hii". Halafu ripoti ileile akaipeleka kwa wakubwa ikiwa na jina lake. Nilipokwenda kwa afisa utumishi nikaambiwa "ndivyo alivyo, mzoee". Jumapili ikifika jioni tumbo linaanza kuniuma. Wenzangu wanasema nivumilie, kazi zenyewe ziko wapi. Nifanyeje? — Wa meza ya nyuma*

"Ndivyo alivyo, mzoee." Sentensi hiyo nimeisikia vinywani mwa watu wa taaluma yangu, na kila mara ilikuwa inamtetea mwenye cheo. Sijawahi kusikia mfagizi aliyetukana wateja akiambiwa "ndivyo alivyo".

Tutenganishe mambo mawili, kwa sababu ukiyachanganya malalamiko yako yatakufa mapema. Kuna bosi mkali, na kuna bosi anayedhalilisha. Mkali anakwambia hesabu za ukurasa wa tatu haziwiani, nataka ripoti kesho asubuhi iwe imenyooka. Inauma, unanuna, unarekebisha. Huyo hana kosa. Anayedhalilisha haigusi hesabu, anakugusa wewe: akili yako, sura yako, makuzi yako, tena mbele ya watu. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani ulipitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Unahesabu kuwa ukatili na unyanyasaji kazini tabia, matendo au vitisho visivyokubalika, viwe vya mara moja au vya kujirudia, vinavyolenga, vinavyoleta au vinavyoweza kuleta madhara ya kimwili, kisaikolojia, kingono au kiuchumi. Hilo la kisaikolojia limetajwa kwa jina lake. Tumbo lako la Jumapili si udhaifu.

Anza na daftari. Likae nyumbani, na usiandike chochote kwenye kompyuta ya ofisi. Andika tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe aliyoyatamka, nani alikuwepo, na wewe ulifanya nini baadaye. Maneno yenyewe! Nimeona malalamiko mengi ya kweli yakitupwa kwa sababu yameandikwa "ananidhalilisha kila siku". Anayesoma anajiuliza: lini, vipi, nani alisikia? Ukiandika "siku fulani, saa tano, mbele ya wateja wawili na mwenzangu wa mapokezi, alisema hivi", hapo umempa mtu kitu ambacho lazima akichunguze au akikatae kwa saini yake. Kumrekodi kwa siri usikukimbilie mpaka ujue sheria ya nchi yako inaruhusu nini, kwa sababu rekodi ya siri inaweza kukugeukia.

Kisha zungumza naye, ikiwa unaona ni salama. Kama ni mtu wa kurusha vitu au kutisha watu, ruka hatua hii wala usijilaumu. Chagua siku ametulia, wawili tu, na uwe na maneno machache ukiyajua kwa moyo: "Bosi, kazi yangu ikiwa na kosa nionyeshe, nitairekebisha. Ninachoomba ni tuambizane ofisini, si mbele ya wateja." Halafu nyamaza. Watu wengi huharibu hapa kwa kuendelea kuongea. Wanaanza kueleza, kuomba radhi, kuchekacheka, na ombi lenyewe linapotea. Mwache yeye ajaze ukimya. Wapo mabosi ambao hawajawahi kuambiwa, nao hubadilika. Si wengi, lakini nimewaona.

Ripoti zako zilinde bila kugombana na mtu. Jina lako na tarehe viwe ndani ya faili, na ukiituma andika: "Naambatanisha ripoti niliyoiandaa kuhusu jambo fulani." Kama kuna mtu mwingine anayehusika nayo kihalali, awemo kwenye orodha ya wanaopokea. Kila mwisho wa wiki mtumie meneja ujumbe wa mistari minne: haya nimemaliza, haya naendelea nayo. Utaonekana mwenye bidii, na miezi ikipita utakuwa na kumbukumbu zenye tarehe ambazo hakuna atakayezibandika jina jingine.

Turudi kwa afisa utumishi. Nimekuwa yeye, niamini: analipwa na mwajiri. Si adui yako, ila wakili wako pia si yeye. Ukimpelekea machozi atakupa maji ya kunywa. Mpelekee karatasi. Andika matukio matatu au manne yaliyo mazito zaidi kutoka kwenye daftari, yale yaliyotokea mbele ya wateja yatangulie, maana hapo mwajiri anaona biashara yake. Mwisho andika unachotaka kifanyike na uombe jibu la maandishi. Mdomo ulimwezesha kusema "mzoee". Kwenye barua yenye jina lake hatathubutu kuliandika neno hilo.

Kama kuna chama cha wafanyakazi, nenda na mwakilishi. Na kwa anayehofia kufukuzwa kwa kulalamika: Mkataba namba 158 wa shirika hilohilo, wa mwaka 1982, unasema kumshitaki au kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Uliza kama sheria za nchi yako zinabeba kinga hiyo, na muda wa kupeleka shauri ni siku ngapi. Muda huo huwa mfupi, na watu huupoteza wakisubiri hasira ipoe.

Wenzako wanaosema uvumilie wana ukweli wa nusu. Usiache kazi siku umetukanwa. Anza kutafuta nyingine ukiwa umekaa kwenye hiyo, kwa utulivu, bila kutangaza. Ukweli wao unaishia hapo. Ukishalalamika kwa maandishi, ukapewa maneno matupu, na Jumapili zako zikabaki vilevile, ondoka ukipata pa kwenda. Daktari mwone kabla ya hapo, na mweleze maumivu huanza lini. Kwenye usaili wa kazi mpya watakuuliza kwa nini unaondoka. Usimtaje meneja, hata akistahili. Zungumzia kazi unayoiendea: majukumu yake, unachotaka kujifunza huko. Msaili anayesikia bosi wa zamani akisemwa hujiweka yeye mwenyewe mahali pa huyo bosi, sijui kwa nini tunafanya hivyo, lakini tunafanya.

Niliyemfundisha sasa ni bosi wangu

*Shangazi, mimi ni fundi wa siku nyingi karakana. Kijana niliyempokea akiwa hajui kushika spana ameteuliwa kuwa msimamizi. Ndiye anayenipangia zamu. Ananiita "mzee" na wengine wanacheka. Nimeamua sisemi naye, labda aniulize kitu cha kazi. — Fundi*

Ndugu yangu, mimi na wewe ni rika moja, kwa hiyo sitakubembeleza. Nafasi hiyo uliiomba? Barua yako ndefu (wasomaji wameona ufupisho wake) haisemi popote kwamba uliomba. Kama uliomba ukakosa, una haki ya kuuliza vigezo vilikuwa vipi, kwa maandishi, kwa aliyeteua. Kijana hakujiteua. Kama hukuomba, ukangoja waje wakupe kwa kuwa umekaa sana, basi hakuna kilichoibwa.

Tena fikiri kama kweli unaitaka kazi ile. Ufundi ni kitu kimoja. Usimamizi ni kupanga zamu, kuandika ripoti, kubishana na wahasibu kuhusu bei ya vipuri, na kusikiliza malalamiko ya mafundi wa siku nyingi. Wapo mafundi hodari niliowaona wakipandishwa cheo wakakonda.

Hilo la "mzee", mwite pembeni umwambie unapenda akuite nani. Huenda kwake ni heshima na vicheko ni vya wengine. Ila ukimya wako uumalize kesho, kwa sababu karakana si ofisi ya makaratasi. Mashine ina mlio usio wa kawaida, wewe umeusikia, yeye hajausikia, na wewe husemi mpaka uulizwe. Atakayekatwa kidole ni mtu wa tatu kabisa.

Kisha mwombe yeye huyo kijana akuandikie kwa wakubwa kwamba wewe ndiwe unayefundisha wanaoingia, jambo unalolifanya tayari bila cheo wala posho. Ana kila sababu ya kusema ndiyo, maana yeye mwenyewe ni ushahidi.

Msaili anataka tuonane jioni

*Shangazi, baada ya usaili mmoja wa wasaili amenitumia ujumbe usiku. Anasema nimefanya vizuri, ila uamuzi wa mwisho uko mkononi mwake, tukutane hotelini tuzungumze. Sijajibu. Kazi naihitaji sana. Nikikataa itakuwaje? — Binti wa usaili*

Mwanangu, hiyo ni rushwa ya ngono, na aliyekosa ni yeye. Hukuvaa vibaya, hukucheka vibaya. Naanza na hilo kwa sababu najua usiku ulikuwa unajiuliza.

Ujumbe usiufute. Upige picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, na nakala imfikie mtu mmoja unayemwamini. Kisha mjibu mara moja tu: "Asante. Mambo ya usaili naomba yaendelee kupitia ofisini, saa za kazi." Hujamtukana, hujamkubali, na sasa anajua ipo kwenye maandishi.

Nikikataa itakuwaje? Sitakudanganya, unaweza kukosa kazi hiyo. Lakini nikwambie siri ya vyumba vile: mara nyingi usaili una wasaili kadhaa, kila mmoja anajaza alama zake na kutia saini. Wapo wanaomwandikia mwombaji aliyeongoza baada ya alama kujumlishwa, wakijua tayari amepata. Wanamuuzia mtu mali yake mwenyewe. Na anayedai mlangoni atadai tena muda wa majaribio ukiisha, na tena ukitaka kupandishwa.

Lipeleke kwa mkuu wa taasisi kwa barua yenye nakala za ujumbe, na kwa chombo kinachoshughulikia rushwa mahali ulipo. Usidhani huna haki kwa kuwa hujaajiriwa: Mkataba 190 niliokwisha kuutaja unawataja wanaotafuta kazi na waombaji miongoni mwa wanaolindwa. Kama huna nguvu ya kulipeleka sasa, ushahidi utunze hivyohivyo. Huenda akajitokeza mwingine aliyeandikiwa na namba ileile.

Nimepigiwa simu, niache kazi leo?

*Shangazi, nimepigiwa simu nimepata kazi mpya, mshahara mzuri kuliko huu. Wananitaka mwanzo wa mwezi. Niandike barua ya kuacha kazi leo? Na bosi wa sasa akisema ataniongezea nibaki? — Mwenye furaha*

Hongera sana. Leo usiandike kitu.

Simu si ajira. Subiri barua au mkataba unaotaja cheo, mshahara kabla ya makato, tarehe ya kuanza, urefu wa kipindi cha majaribio na muda wa notisi. Angalia kama kuna sharti lililojificha, mfano "baada ya kuridhishwa na taarifa za wadhamini" au uchunguzi wa afya. Sharti kama hilo likiwepo, ngoja litimie. Nimeona watu walioaga na kupongezwa, halafu nafasi ikasitishwa wiki hiyohiyo. Soma pia mkataba wako wa sasa: ukidaiwa notisi ya mwezi mmoja, mwanzo wa mwezi ujao huenda usiwezekane, nao waajiri wapya hukubali kusogeza tarehe wakiambiwa mapema.

Bosi akikuongezea? Inategemea ulikuwa unakimbia nini. Kama ni mshahara tu na kazi unaipenda, baki, mradi nyongeza iwe kwenye karatasi yenye tarehe ya kuanza kulipwa. Kama ni mengine, nyongeza hiyo utaizoea baada ya miezi michache na hayo mengine utayakuta palepale. Mimi binafsi hushuku hela inayopatikana siku mtu anaaga tu.

Barua ya kuacha kazi iwe na sentensi tatu: naacha, siku yangu ya mwisho ni hii, nitakabidhi kazi vizuri. Kabla hujaipeleka chukua vyeti vyako na hati zako za mshahara, mafaili ya kampuni yaache. Kwa sasa wapigie hao wapya uwaulize barua inatoka lini na nani ataitia saini.